Pango Lisilo na Mtoto

Jumapili, na Krismasi imeshapiga hodi. Jua limewaka leo mpaka mabati yamekuwa yakilia tak, tak, na sasa jioni ndiyo kaupepo kameanza kupita. Nusu ya majirani wameenda ushago, mashambani kwao. Mtaa wetu wa Gatwekera umekuwa na nafasi, unapita kwa kichochoro bila kuombana radhi na mtu.

Mimi sijaenda popote. Kliniki wamenikataza safari ndefu. Nimekaa kitandani, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, na mwili bado unanisisimka. Nimejaribu kutafuta jina la hii hali nikashindwa. Si furaha peke yake. Kuna kitu kikubwa kimepita hapa nyumbani leo, na nataka nikiandike kabla sijaanza kujiambia kwamba nilikiwaza tu.

Nianze na pango la Krismasi, zile sanamu za Maria na Yosefu na mtoto horini, maana pango ndilo lililoleta haya yote.

Sisi Wakatoliki wa huku tuko kwa jumuiya, majirani wachache wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mwaka huu sala ya Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ilinifikia mimi. Mwenyekiti wetu ni Mama Brayo, mama mwenye moyo mzuri ambaye Mungu alimnyima sauti ya chini. Alinitangazia nje ya kanisa, watu wote wakisikia: “Nekesa, ni kwako! Na tukute pango tayari, eh? Si zile picha za kukata kwa kalenda!”

Nikasema sawa. Kusema sawa hakuna kazi. Shida yangu ilikuwa mtoto.

Mwaka jana nilijifungua mvulana. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu vya baba yake. Hakulia. Niliwahi kuandika habari zake humu kwenye simu, nikafuta.

Tulikuwa tumemwandalia kila kitu, kwa sababu kliniki wanataka uende leba na nguo za mtoto. Lakini kwetu Bungoma, na hata kwa kina Ouma mume wangu kule ziwani, mtoto hanunuliwi nguo kabla hajafika. Unasubiri afike, alie, watu wamsikie, ndipo mtu anatumwa dukani. Baada ya yale yaliyotupata hakuna aliyetuambia “si tuliwaonya”. Hawakuwa na haja. Mama mkwe alizifua zile nguo, akazikunja, akampa mama mmoja aliyekuwa hana. Hiyo ilikuwa njia yake ya kunihurumia, na ninamshukuru mpaka leo.

Sasa tumbo hili jipya limeshapita kiwango cha kufichwa na leso. Na ndani ya nyumba yangu hakuna hata soksi moja ya mtoto. Mtu akiuliza, nasema “tuko tu”. Ouma hagusi hiyo habari kabisa. Mama mkwe amekuja kutoka nyumbani kunisaidia. Analala kwa mdogo wake Kawangware, maana kwao mama halali katika nyumba ya mwanawe. Asubuhi anafika hapa kunipikia na kunigombeza. Hata yeye akitaja tumbo langu anasema “huo mzigo”. Na nesi naye ananiuliza kila nikienda, “Mama, nguo za mtoto unaleta lini?”

Naogopa. Acha niandike hivyo hivyo. Naogopa kuandaa, na naogopa kufika leba mikono mitupu. Nimelala na hofu hizo mbili, huku na huku, na mimi katikati.

Kwa hivyo niambie wewe, mtu wa namna hiyo ananunua vipi pango ambalo katikati yake kuna kitoto kichanga?

La kwanza nililiona Kawangware, kwa meza ya jamaa anayeuza taa za rangi rangi. La plastiki. Unabonyeza kitufe, malaika anaimba kwa lugha ambayo hata yeye sidhani anaijua. Maria amepiga magoti, mikono pamoja, kanzu ya buluu haina hata mkunjo. Nilimwangalia yule mtoto, nikajikuta ninajaribu kumbandua kwa ukucha.

“Madam, huyo hatoki,” jamaa akaniambia. “Ametiwa gundi.”

Nikarudisha. Nilimwambia sijapenda rangi. Uongo mtupu! Nilichoshindwa nacho ni kuingiza kitu cha mtoto nyumbani, hata kama ni mtoto wa plastiki, hata kama ni Yesu mwenyewe. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

La pili lilikuwa Riruta, kwa mama mmoja anayeuza rozari na mishumaa. Limetengenezwa kwa maganda ya mgomba, zuri sana, safi. Nikalipenda. Nikaligeuza, kumbe mtoto ameshonewa kwenye hori na uzi. Huyu ametiwa gundi, huyu ameshonwa! Nikaanza kuona kama wamekaa kikao wakakubaliana juu yangu.

Nilikuwa nimeanza kufikiria ile kalenda ya Mama Brayo.

Halafu Ijumaa nikaenda Laini Saba kumsuka mteja wangu mmoja. Mimi kazi yangu ni nywele, na wateja wengine hunipigia simu nikawasuke kwao. Mume wa huyu anaitwa Barasa, anachonga mifupa. Ile mifupa mnayobakisha kwa bucha, wao wanaichukua, wanaichemsha mpaka mafuta yaishe, wanaikata, wanaipiga msasa, inatoka nyeupe mpaka huwezi kuamini ilikuwa kwa supu. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, na tukisuka nje, vumbi lake linatufikia. Lina harufu ya ukucha ulioungua. Mwenyewe alikuwa mweupe kichwa mpaka miguu kama amemwagiwa unga wa ugali.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha mke wake nilipoinua macho nikaona juu ya gunia kuna watu wadogo wamepangwa.

Nikaacha chanuo. Nikaenda. Nikachuchumaa, na kwa tumbo hili kuchuchumaa si mchezo.

Maria hakuwa amepiga magoti. Alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea ng'ombe, miguu ameinyoosha mbele wazi wazi, vile mama zetu wanavyokaa wakishajifungua, wakati mwili umeisha na hakuna nguvu hata ya kuvuta nguo magotini. Kichwa kimelala upande. Mkono mmoja uko juu ya tumbo, tumbo ambalo bado halijarudi. Jamani, alikuwa amelichonga hilo tumbo! Yosefu amechutama kando yake na kikombe, mashavu yamefura.

“Yosefu anapuliza nini?” nikamuuliza Barasa.

“Uji. Ni moto.”

“Na mbona Maria hajapiga magoti kama wa kanisani?”

Barasa akaniangalia kama nimeuliza kwa nini maji yana unyevu. “Ametoka kuzaa, siz. Atapiga magoti aje?”

Miaka yote hiyo nimeimba nyimbo za Krismasi. Nikiwa shule ya msingi niliwahi hata kuwa malaika, nikapewa mabawa ya boksi. Na haijawahi hata siku moja kunijia akilini kwamba yule mama aliumwa. Kwamba alitoka jasho, akauma midomo, akamshika mtu mkono akamfinya. Kwamba alikuwa msichana mgeni kwenye mji wa watu na uchungu ukamshikia huko huko. Nilikuwa nimemweka mbali sana na mimi, juu kule kwenye altare, na sasa alikuwa juu ya gunia Laini Saba ananingoja nimletee maji ya kuoga.

Ng'ombe walikuwa wamechongwa kwa pembe, weusi, wanang'aa. Ng'ombe aliyetoka kwa ng'ombe. Nilimgusa mmoja mgongoni nikaondoa mkono haraka, sijui kwa nini. Heshima, nadhani.

Hori lilikuwa tupu, na mtoto alikuwa peke yake. Hakugandishwa wala kushonwa. Mdogo kama njugu, alikuwa kwenye kiganja cha Barasa, anamaliziwa kusuguliwa.

Nikasema, “Nitachukua wote. Lakini huyo baki naye.”

“Nani?”

“Mtoto.”

Akacheka. “Sasa siz, pango bila mtoto ni pango la nini? Hiyo si ni familia tu imeenda kuangalia ng'ombe?”

Mke wake, na nywele zake nusu zimesukwa na nusu zimesimama, alikuwa amenitazama tumboni, kisha usoni. Yeye ni wa kwetu, anajua. “Barasa, nyamaza,” akamwambia. “Mtunzie.” Na Barasa akamfunika yule mtoto kwa kipande cha msasa, akamweka juu ya rafu.

Nilirudi Gatwekera na watu wangu wamefungwa kwenye gazeti. Mbwa wawili wakanifuata njia nzima, wananusa mfuko. Nikawaambia wamwogope Mungu. Hawakuogopa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Yeye si Mkatoliki, ni wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, na kwake mambo ya sanamu ni yetu sisi na makasisi wetu. Nilipofungua gazeti akashika kiuno.

“Yawa, Nekesa! Hii si ni supu?”

“Ni mifupa, Mama, lakini imechongwa.”

“Ng'ombe mnamla, mnamchonga, sasa mnamwimbia.” Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka.

Nilitandika kitambaa changu cha krosheti kwenye meza ndogo. Nyasi sikuwa nazo, nikakatakata braids, zile nywele za bandia za kahawia zilizobaki kazini, zikawa majani makavu kabisa, huwezi kujua. Nikawapanga. Hori nikaliweka katikati, tupu. Mama mkwe aliinama akamwangalia Maria kwa muda mrefu. “Huyu amechoka,” akasema, kisha akarudi kwa sufuria yake. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Mimi na yeye tulikuwa tunaelewana bila kusema, na kuelewana kwenyewe ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Sasa leo.

Jumuiya walikuja baada ya chakula cha mchana, viatu vikajaa mlangoni, nyumba ikajaa mpaka wengine wakakaa kitandani. Walipoona pango, kelele zote zikaisha. Mzee mmoja alivua kofia. Mama Brayo mwenyewe alisimama pale mdomo wazi, na hilo nalo ni la kuandikwa. Halafu akarudi kuwa yeye.

“Na mtoto?”

Mtu akamjibu kwamba mtoto huwekwa mkesha wa Krismasi.

“Najua huwekwa mkesha! Nauliza yuko wapi, kabatini?”

“Hayuko nyumbani,” nikasema.

Wanawake wote waliangalia chini kwa pamoja. Ouma alitoka nje akajifanya anapanga viatu. Nilijuta kuzaliwa na ulimi. Mama Brayo alikohoa, akaanzisha wimbo haraka haraka, na tukaimba kwa nguvu kupita kiasi, vile watu huimba wakitaka kufunika jambo.

Kwa kuwa wengi wanasafiri kesho, tuliamua kusoma habari ya kuzaliwa kwenyewe. Mama Brayo akasoma. Mama mkwe alikuwa kwa kigoda karibu na mlango, anachambua omena, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia. Alikuwa amekuja kupika chai tu, na alishatuambia hivyo mapema ili tusije tukamhesabu. Mama Brayo akafika pale Maria na Yosefu wanapofika mjini, wanakosa nafasi, mama anajifungua, anamfunga mtoto nguo, anamlaza horini. Akaendelea kwa wachungaji.

“Rudi nyuma,” mama mkwe akasema.

Mama Brayo hajazoea kurudishwa nyuma. Lakini alirudi. Akasoma tena pale pa nguo.

“Alizitoa wapi?”

“Nini, Mama?”

“Nguo. Za mtoto.” Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya omena. “Watu wamefukuzwa kila nyumba. Ni usiku. Duka gani lilikuwa wazi? Ama hao ng'ombe ndio walikuwa wanauza?”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia lile pango, na niliona uso wake unabadilika, unafunguka pole pole.

“Alikuja nazo,” akasema. “Huyo msichana alizifunga kwa mzigo wake tangu kwao. Akatembea nazo njia yote, na mtoto bado yuko tumboni.”

Akaweka sinia chini.

“Alimwandalia kabla.”

Nimesikia hiyo habari tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Nimeisikia kwa mapadri, kwa makatekista, kwa redio za majirani, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha ule mzigo. Leo nimeuona. Kitambaa kimekunjwa vizuri, kimetiwa chini kabisa ili vumbi lisikifikie, na msichana wa watu anatembea nacho, hajui atazalia wapi, hajui itakuwaje, na bado amekibeba. Je, na yeye hakuogopa? Bila shaka kwao pia kulikuwa na wamama wa kumwambia angoje.

Nikalia. Sikutoa sauti. Mtoto wangu aligeuka huko ndani tumboni. Nimeandika mtoto wangu. Sifuti.

“Mama, umetuhubiria,” Mama Brayo akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilibidi mtu wa nyuma aulize amesema nini.

“Mimi sijahubiri. Nimeuliza tu,” mama mkwe akasema, akarudi kwa omena wake.

Walipomaliza chai na kuondoka, aliosha vikombe vyote. Akajipanguza mikono, akafunga leso kiunoni.

“Nekesa, vaa viatu.”

“Tunaenda wapi, Mama?”

“Vaa viatu.”

Ouma akafungua mdomo, akaambiwa abaki na nyumba. Nilimwambia tu siku ya mkesha apitie kwa Barasa amchukue yule wa rafuni. Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Tulienda Kawangware pole pole, tukipumzika kila nilipotaka. Pale kando ya barabara wanapomwaga mitumba chini, mama mkwe alisimama mbele ya rundo la nguo za watoto. Akainama. Huyu ni mwanamke anayegombana na muuza nyanya mpaka nyanya zenyewe zinaona aibu, lakini leo hakugomba. Aliinua nguo moja moja, akaigeuza nje ndani, akavuta mshono, akainusa. Mimi nilisimama kando ninaangalia huku na huku kama tumekuja kuiba.

Muuzaji, msichana tu, akauliza lile swali ambalo wote huuliza. “Mtoto ana umri gani, nimchagulie?”

Nilijua mama mkwe atasema ni wa jirani, kwetu ndivyo hujibiwa. Hakuinua hata kichwa.

“Hajazaliwa,” akasema.

Kisha akanyooka. Akanishika mkono, akanivuta mbele ya rundo lile lote la nguo, na akasema kwa sauti ambayo Mama Brayo angeionea wivu: “Ni wa huyu. Wa binti yangu. Anakuja.”

Watu waligeuka. Nililia pale pale, katikati ya viatu vya mtumba na ndizi, bila aibu hata kidogo, na mama mkwe akaniacha nilie, akamgeukia msichana akamuuliza mbona hizi soksi moja ni kubwa kuliko mwenzake.

Amekataa kubaki kwa mdogo wake kabla hajazifua kwa mikono yake mwenyewe. Amerudi na mimi mpaka hapa, na Ouma atamsindikiza baadaye. Wako nje sasa hivi. Mama anakamua, Ouma anaanika. Hawakuzianika ndani. Ziko kwa kamba ya ploti, mahali kila mtu anapita akienda chooni na akitoka. Fulana, boshori ya kichwani, shali la rangi ya maziwa, na zile soksi zenye ugomvi.

Jirani wa pili amepita sasa hivi na ndoo yake. Akasimama. Akaziangalia, akachungulia mlangoni mwangu, akaniangalia mimi. Alikuwa anatafuta namna ya kuuliza.

“Ni za mtoto wangu,” nimemwambia. “Anakuja.”

Giza linaingia na bado zinachuruzika maji. Kesho jua likitoka zitakauka.